Uchambuzi wa kisa: kikundi cha ofisi, bustani iliyofufuka na nguzo ya katikati ya njia

Usuli

Majina nimeyatoa, jiji silitaji, na vitu vichache vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevibadilisha, ila mtiririko wa mambo ni uleule. Wahusika walisoma kabla wakakubali, mmoja kwa sharti kwamba nisiandike alilia, na kweli hakulia.

Bustani yenyewe ilikuwa imekufa. Si kwamba ilifungwa, ilikuwa wazi ila nani aingie, vichaka vimepanda mpaka vinampita mtu kichwa, taa zimevunjwa, bwawa limejaa machupa, na watu wa mitaa ya jirani walikuwa tayari kuzunguka nje ya ukuta mzima kuliko kukatiza ndani. Ilipoanza kufufuliwa kazi ya kwanza haikuwa kupanda maua, walikata vichaka na kuongeza milango, kwa sababu mtu hakai mahali ambapo haoni atatokea wapi. Wazo hilo ni la zamani. Bryant Park ya New York ilifungwa 1988 ikafunguliwa tena 1992 ikiwa nyingine kabisa, na kati ya vilivyoibadilisha ni hivyo hivyo, kuondoa vitu vilivyozuia watu wa barabarani kuona ndani, kuongeza pa kuingilia, halafu viti vya kusogezwa, kiti unakibeba mwenyewe unakipeleka kivulini unakotaka. Mawazo hayo mengi yalitoka kwa William H. Whyte, jamaa aliyewahi kutumia miaka akiwapiga filamu watu kuona wanakaaje kwenye viwanja vya mji.

Kwenye bustani hii kilichovuta watu wa baiskeli ni njia tatu. Moja imepita juu ya tuta la reli ya zamani, ya pili inafuata mto, ya tatu ni kipande kifupi kando ya barabara kubwa kinachozifunga hizo mbili. Kwenye ramani ya simu zote zinaonekana mstari mmoja wa kijani usiokatika, duara la kilomita 22 hivi, unatoka bustanini unarudi bustanini.

Kikundi kilikuwa watu 12, wafanyakazi wa ofisi moja pamoja na familia. Wazoefu watatu, watano wanajua baiskeli ila hawajapanda tangu ujana, wawili wana baiskeli za kuazima na hawakuwa na uhakika hata breki ipi ni ya mbele, na watoto wawili wa miaka 9 na 11 kila mmoja na yake. Aliyeandaa nitamwita Mratibu. Mimi nilipewa kazi ya kufunga mkia, yaani unakaa nyuma ya wote na humpiti mtu hata akisimama kufunga kamba ya kiatu. Kwa hiyo mengi niliyaona kwa macho, ya mbele nimeyapata kwa kuwauliza waliokuwepo.

Maandalizi

Mratibu alifanya maamuzi mazuri mawili na moja aliliruka.

La kwanza, kuanza mapema. Bustani ikishafufuka inajaa, na ikijaa njia ya mita tatu inakuwa na watembea kwa miguu, mikokoteni ya watoto, mbwa na wanaopiga selfi, wote wana haki ya kuwa pale kuliko wewe unayepita. Saa moja na nusu asubuhi kulikuwa na wazee wa mazoezi tu.

La pili, ukaguzi wa baiskeli kabla mtu hajapanda. Upepo, breki, cheni, siti. Hapa ndipo anapoingia Dada, mmoja wa wale wawili wenye baiskeli za kuazima. Siti yake ilikuwa chini mno, akikanyaga pedali magoti yanakaribia usukani, na Mratibu akampandishia kwa ile kanuni ya kisigino, unaweka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa na mguu unatakiwa unyooke. Ni kanuni sahihi. Mtu akikaa hivyo mapaja hayachoki upesi na magoti hayalalamiki. Nitairudia huko mbele kwa sababu ina upande wa pili.

Alichoruka ni kwenda kupita kile kipande cha kuunganisha. Njia ya reli alishaiendesha mara nyingi, ya mto pia, lakini yeye akiwa peke yake kutoka moja kwenda nyingine anaingia tu barabarani na magari, mwendo wake unaruhusu. Kipande cha katikati alikuwa anakiona kwa kando, hajawahi kukipita. Ramani ilikuwa ya kijani, akaiamini.

Ilivyokwenda

Ndani ya bustani tulienda taratibu na mambo yalikuwa matamu. Kengele inapigwa kwa mbali, si mgongoni mwa mtu, halafu sauti, "shikamoo mzee, tunapita pembeni yako", na mzee anavuta kamba ya mbwa anatupungia. Tatizo dogo tu, mmoja wa wazoefu alichoka kwenda mwendo wa kobe akatupita sote na kumpita mama mmoja karibu kumgusa bega, na mama hakumwacha, "we kijana, punguza mwendo, hii si barabara!" Kijana mwenyewe ana miaka 40 na kitu. Aliomba radhi kwa kupunga mkono bila kugeuka, jambo ambalo nadhani lilimuudhi mama zaidi.

Tukapanda tuta la reli. Hii njia ndiyo sababu ya watu kuipenda bustani ile, na siri yake ni treni. Treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo waliojenga reli walichimba na kujaza mpaka mwinuko ukawa mdogo sana, mara nyingi hauzidi mita 2 au 3 kwa kila mita 100, na leo mtu ambaye hajapanda baiskeli miaka 20 anajikuta anakwenda anapiga stori hahemi. Lami laini, miti pande zote, huku chini mitaa unaiona kwa juu. Watu wakalegea. Wakaanza kupanga wawili wawili, wakakaribiana, na bila mtu kuamua mwendo ukapanda mpaka kama 18 kwa saa.

Njia ya reli inakatwa sehemu moja na barabara ndogo ya mtaa. Ili magari yasiingie wameweka nguzo ya chuma katikati ya njia, kimo cha kiuno, rangi ya kijivu, na pale ilipo kuna kivuli cha mti. Mratibu na wawili waliokuwa mbele walipita pembeni yake bila hata kuiwaza. Wa nne, jamaa mmoja mwenye mabega mapana, naye akaikwepa dakika ya mwisho. Dada alikuwa nyuma yake kama mita moja, macho yako kwenye mgongo wa jamaa, na jamaa alipohama ghafla kilichobaki mbele yake kilikuwa nguzo.

Nilisikia kabla ya kuona. Usukani uligonga, gurudumu la mbele likageuka, akaangukia mkono. Mtoto wa miaka 11 aliyekuwa nyuma yake alishika breki zote mbili akasimama kama sentimita chache kutoka kwenye miguu ya Dada, hilo sijui niliite bahati au mafunzo, maana baba yake alimpa zoezi la kusimama ghafla wiki iliyotangulia.

Kiwiko kimechubuka vibaya, kiganja kimechubuka kidogo, helmeti haijagusa chini. Tulimwacha akae kwanza, hakuna kumnyanyua mtu kwa haraka ili mradi aonekane yuko poa, tukamuuliza kama kichwa kinauma, kama anaona vizuri, kama anakumbuka kilichotokea, tukaosha kidonda kwa maji safi na kufunga bandeji. "Pole dada." "Niko sawa jamani, msinizunguke kama msiba." Rimu ya mbele ilikuwa imepinda, kila mzunguko inagusa raba za breki.

Sasa kule mbele Mratibu hajui kitu. Jamaa wa mabega alisikia kishindo akasimama na kurudi, lakini wale watatu wa mbele waliendelea mpaka mwisho wa tuta, wakafika barabara kubwa, ndipo wakageuka na kukuta hakuna mtu. Simu ikapigwa. Na wakati wanasubiri maelezo Mratibu akawa anakiangalia kile kipande cha kuunganisha kwa mara ya kwanza kwa utulivu. Njia ya baiskeli inaishia kwenye ukingo wa zege, hakuna mteremko wa kushukia. Mbele kuna barabara ya njia nne za magari, kuna michoro ya pundamilia lakini hakuna taa. Ng'ambo, mstari wa kijani wa kwenye ramani ni njia ya waenda kwa miguu yenye nguzo za umeme ndani yake.

Maamuzi ya papo kwa papo

Kulikuwa na mawazo matatu. Mmoja wa wazoefu alitaka Dada apumzike, wengine tumalizie duara, tutamkuta bustanini. Wa pili alipendekeza breki ya mbele ifunguliwe ili rimu ipite bila kugusa, Dada aendeshe taratibu kurudi. Mratibu alirudi akasema wote tunageuza.

Lile la kufungua breki lilikataliwa na nadhani hapo palifanyika jambo la maana kuliko yote asubuhi ile. Linavutia kwa sababu ni rahisi, ni kiwenzo kimoja tu cha breki unakiachia. Lakini ukishika breki uzito mwingi unaenda mbele, na breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kusimamisha, ya nyuma peke yake inaburuza tu. Kumpa mtu mgeni, aliyetoka kuanguka, mkono unauma, baiskeli yenye breki ya nyuma tu eti kwa sababu ni taratibu, hapana. Ikasukumwa kwa zamu.

Kuhusu kugeuza, wazoefu wawili walinung'unika waziwazi, "tumetoka nyumbani tuendeshe, si tukakae". Mratibu hakubishana nao. Aliwaambia wenye hamu ya duara waendelee wenyewe, wawe wawili, wapige simu wakifika. Wakaenda. Waliobaki tukarudi kwa mguu na kwa mwendo wa mguu.

Tulipofika bustani ilikuwa imeshajaa, tukashuka wote tukasukuma. Na kuanzia hapo, ukiwauliza watu leo siku ile ilikuwaje, ndiyo sehemu wanayosimulia. Kuna duara dogo la lami karibu na bwawa, halina magari wala kona ya kushtukiza, watoto wakalizunguka mpaka wakachoka. Watatu kati ya wale wa "tangu ujana" wakaanza kujizoeza vitu ambavyo barabarani huwezi kujifunzia, kutazama nyuma bila baiskeli kuyumba, kuondoa mkono mmoja kuonyesha unakopinda, kusimama na kuondoka tena kwenye mstari mnyoofu. Mwenzake Dada, yule mwingine wa baiskeli ya kuazima, alikaa chini ya mti anasoma ubao unaoeleza bwawa lilivyosafishwa, akaja na maswali kumi ambayo hakuna aliyeweza kuyajibu. Dada mwenyewe alikaa kwenye kiti cha kusogeza, kiwiko juu, anatoa maelekezo kwa kila mtu.

Matokeo

Kiwiko kilipona bila shida. Rimu ilinyooshwa na fundi kwa kukaza spoki za upande mmoja na kulegeza za upande wa pili, haikuhitaji kubadilishwa. Mmoja wa kikundi hajarudi tena kwenye baiskeli, na si Dada, ni jamaa wa mabega, anasema kila akikaribia nguzo anajisikia yeye ndiye aliyemgongesha mwenzake. Wengine wanakwenda wikiendi nyingi, tuta la reli kwenda na kurudi, duara hawaligusi. Wale wawili waliomalizia walirudi salama na ripoti ya sentensi moja, kwamba kile kipande cha katikati ni cha hovyo.

Wasimamizi wa bustani waliandikiwa barua yenye picha za nguzo kutoka usawa wa macho ya mtu aliye kwenye baiskeli, si picha ya kusimama pembeni. Nguzo ikapakwa njano, ikawekewa mkanda unaong'aa, na chini mistari ya kuigawa njia ikachorwa kuanzia mita kadhaa kabla. Ombi la kuiondoa kabisa bado linajadiliwa.

Uchambuzi

Nianze na nguzo kwa sababu wengi walianza na Dada. "Hakuwa makini." Piga hesabu. Kilomita 18 kwa saa ni mita 5 kwa sekunde. Ukiwa mita moja nyuma ya mtu una sehemu moja ya tano ya sekunde, na binadamu wa kawaida kuona kitu, kukielewa na mkono kuanza kushika breki inamchukua karibu sekunde nzima au zaidi. Hata bingwa angeigonga. Alichokosa ni nafasi, na nafasi hiyo hakuna aliyemwambia aiache. Asubuhi tulikagua tairi za kila mtu lakini hatukusema neno moja juu ya umbali kati ya baiskeli na baiskeli, wala juu ya kuita. Kuita ni kitu kidogo, wa mbele anasema "nguzo!", anayefuata anarudia, linashuka mpaka mkia. Watatu wazoefu wanalijua hilo vizuri, wakiendesha wao kwa wao wanaita kila shimo. Siku ile hawakuita kwa sababu mwendo ulikuwa wa kistaarabu na nguzo kwao si kitu, kumbe kwa anayefuata mgongo wa mtu ndiyo kitu.

Upande wa wajenzi nao una lawama yake. Nguzo inazuia gari ambalo pengine lingeingia mara moja kwa mwaka, na inakaa mbele ya baiskeli kila siku. Mwongozo wa njia za baiskeli wa 2012 wa AASHTO, chama cha maofisa wa barabara na uchukuzi wa majimbo ya Marekani, unasema nguzo zisiwekwe tu kwa mazoea, na mbadala wanaoupendekeza ni kuigawa njia kuwa vipande viwili vyembamba vyenye kisiwa cha majani katikati, dereva anaona hapapiti gari na mwenye baiskeli hakuti chuma. Pale kwenye tuta nafasi ya kufanya hivyo ipo.

La pili ni ramani. Mstari wa kijani hauonyeshi kimo cha ukingo wa zege, hauonyeshi kama kuna taa, hauonyeshi kama pale katikati unatakiwa kushuka na kubeba. Njia za baiskeli zinazosifiwa duniani, ukiangalia, sifa yake mara nyingi iko kwenye maungio. Bustani ya Turia ya Valencia, Hispania, imekaa kwenye mto uliohamishwa baada ya mafuriko ya 1957, ina urefu wa kilomita 9 hivi, na kwa sababu iko chini kwenye bonde la zamani la mto inapita chini ya madaraja, mtoto anaiendesha yote bila kuvuka barabara. Bloomingdale Trail ya Chicago iliyofunguliwa 2015 ni kinyume chake, iko juu ya tuta la reli, kilomita 4 na kidogo, barabara zinapita chini. Fupi, lakini haikatiki. Kilomita 22 zenye mwanya mmoja wa njia nne za magari, kwa mgeni ni njia mbili tofauti ambazo zimepakana. Na isitoshe si kila bustani ya namna hii inaruhusu baiskeli, High Line ya New York nayo iko juu ya reli ya zamani na hairuhusu kuendesha kabisa, kwa hiyo kusoma sheria za mahali kabla ya kutoka nyumbani si urasimu.

Kufunga mkia kulisaidia, huduma ya kwanza ilifika mara moja na hakuna aliyepotea. Lakini kati ya mbele na nyuma hakukuwa na kiungo, watu 12 wakijinyoosha wanachukua mita zaidi ya mia, na dakika kama kumi nzima kichwa na mkia vilikuwa vikundi viwili visivyojuana. Angekuwepo mmoja wa katikati mwenye kazi moja tu ya kutazama nyuma, Mratibu angejua palepale.

Kugeuza kulikuwa sahihi, ingawa Mratibu anakiri kwamba bila ajali angewavusha watoto pale. Nakubaliana naye na ndiyo maana sitaki kusifia sana. Uamuzi bora zaidi ungefanyika nyumbani, kwa kuuliza watu wanataka nini. Ndani ya wale 12 kulikuwa na wanaotaka kilomita na wanaotaka bustani, na plani ilikuwa ya kilomita peke yake, bustani imewekwa kama pa kuegesha. Kuwaruhusu wale wawili waende kulipunguza joto. Kingefanyika saa moja na nusu badala ya baada ya mtu kuumia, hata yule aliyempita mama bega kwa bega angekuwa ameshaondoka, maana ukweli ni kwamba mwendo wake ulikuwa wa mahali pengine. Watu husema 20 kwa saa si kitu, lakini nguvu ya kugonga inapanda kwa mraba wa mwendo, 20 ni mara nne ya 10, na mtu anayetembea yuko kwenye 5.

Imebaki siti. Kanuni ya kisigino inamfaa anayekwenda mbali. Mgeni kabisa anahitaji kitu kingine kwanza, mguu ufike chini haraka akipoteza mizani, hata kama mapaja yatachoka. Dada anaamini siti ingekuwa chini asingeangukia mkono. Mratibu anasema kwa umbali ule hata angekuwa amekaa ardhini angegonga, na kwa hesabu ya mita moja ana hoja, ila kugonga na kuanguka ni vitu viwili na hapo namuunga mkono Dada. Wamebishana juu ya hili mara nyingi. Yeye siti ameishusha vidole viwili, anaendesha hivyo mpaka leo, na Mratibu amekatazwa kugusa ile nati.